Mwasumini wa Mama Pale Sindeni

Sisi tuliokulia Sindeni wakati wa Mwingereza tulijua thamani ya maji kabla ya kujua kuhesabu. Kisima kilikuwa mbali, njia imejaa mawe, na ndoo zilitutoa vipara utosini. Tulikula bada, ule ugali wa muhogo, kwa mlenda, tukacheza rede mpaka jua lizame, na nani angethubutu kumpita mtu mzima bila shikamoo? Basi mtaelewa nilivyonuna mama alipoamua kupanda maua.

Baba alikuwa akikata mkonge Korogwe, na siku moja tulimfuata huko kumpelekea unga. Tulipoingia dukani kununua chumvi, mama alisimama ghafla. Uani palikuwa na mwasumini, majani yanameta, maua meupe yamejaa kama bisi, harufu inafika mpaka mlangoni. Mke wa mwenye duka, mama wa Kihindi tuliyemwita Mama Shirini, alimwona anavyotazama. Akacheka, akakata vitawi vitatu, akavifunga kwa gunia bichi.

"Mti huu haupukutishi majani mwaka mzima," alisema. "Lakini usiusahau hata siku moja."

Vitawi viwili vilikauka. Cha tatu kikashika. Mama akakizungushia uzio wa miiba, kilango akakifunga kwa kamba ya mkonge, na kazi ya kumwagilia akanipa mimi, binti yake wa pekee, niliyekuwa na miaka kama tisa. Kila jioni kata mbili. Baba alipokuja likizo alitikisa kichwa.

"Maua hayaliwi, mke wangu."

"Na wewe huliwi," mama akamjibu, "mbona nakutunza?"

Ukaja mwaka wa ukame. Kisimani tulingoja zamu mpaka miguu ikafa ganzi. Jioni moja nilirudi nimechoka, nikautazama ule mti, nikaona ndio adui yangu. Nikafungua kamba. Kulipokucha, mbuzi wa jirani walikuwa wamekwisha kuula. Kilibaki kisiki cha urefu wa kidole.

Mama aliinama, akakwaruza ganda kwa ukucha, akaona bado kuna ubichi.

"Endelea kumwagilia," aliniambia.

Nikawa namwagilia kisiki siku baada ya siku, aibu ikinitafuna kuliko njaa. Siku nilipoona chipukizi la kwanza, machozi yalinitoka. Nikamfuata jikoni.

"Mama, ni mimi niliyefungua kamba."

Hakuacha kusonga. "Nilijua. Mbuzi ana vidole? Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Mvua ziliporudi, mwasumini ulinipita kimo. Baba alipokuja tena, alisimama karibu nao jioni nzima, akivuta pumzi kama mtu aliyetoka kupanda mlima. Siku ya kurudi kambini kwao, kule kwenye mkonge, nilimwona ana kifurushi cha gunia bichi kwapani, vitawi vinachungulia, na uso wake ulisema hataki kuulizwa.

Leo naishi Hale. Maji yanatoka bombani, na mbele ya nyumba nina miasumini minne ambayo hakuna maua hapa mtaani yanayoifikia kwa uzuri. Nasema bila haya. Wajukuu zangu wanaipiga picha kwa simu, wanazituma kwa rafiki zao, kisha wanapita bila kunusa. Mmoja alinishauri ninunue maua ya plastiki, ati hayasumbui. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Siwalaumu. Hawakumwona mama akifunga maua mawili matatu kwenye pindo la khanga, akapita njiani, na watu wakajua ni nani kabla hawajageuza shingo. Siku hizi wanawake wananukia kwa chupa za kila aina, na wananukia vizuri kweli. Ila nikifumba macho pale dukani au msikitini, siwezi tena kusema ni nani aliyepita.