Kamba ya Mama Kulwa

Wivu wa kamba ya nguo umeniponza leo, jamani.

Hapa Masumbwe, kati ya nyumba yangu na ya Mama Kulwa kuna karasha la kusaga mawe ya dhahabu. Kiangazi chote upepo unavuma kuja kwangu, vumbi lote nalila mimi. Yeye? Mashuka meupe pee kila siku, kama ananikomoa!

Asubuhi nimefua gauni la komunyo la binti yangu. Misa ni kesho. Nikameza kiburi, nikaenda kuomba kamba.

"Anika tu, mwenzangu," akasema, tabasamu hadi masikioni. "Huku vumbi halijui njia."

Roho iliniuma, lakini nikaanika.

Saa saba mawingu ya mvua za kwanza yakatanda, upepo ukageuka ghafla. Gauni likawa rangi ya majivu. Mashuka yake pia, na hapo, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo.

Nikarudi kwangu. Kambani nilikuwa nimeacha tambara la kudekia tu.

Limekauka safi, halina hata chembe ya vumbi.

Chekeni tu. Nimelionea wivu, na ni langu mwenyewe.