Darasa la Darubini Lililokimbiwa Temeke

Saa tisa alasiri, Kasimiri anatoa darubini yake sandukuni, anaifuta vumbi kwa kipande cha flana na kuiweka mezani chini ya dirisha. Si darubini ya kutazamia meli. Hii ni ya kutazamia vitu vidogo ambavyo macho matupu hayavioni, nayo inataka jua, kwa sababu mtaa huu hauna umeme. Anageuzageuza kioo chake kidogo mpaka kinashika mwanga. Kisha anatazama mlangoni.

Wanafunzi waliokuja leo ni watatu. Mwezi wa Mei watoto waligombania mabenchi haya, na waliokosa nafasi walisimama dirishani wakimzibia mwalimu mwanga. Sasa kuku wa mwenye nyumba amepanda juu ya benchi moja na hakuna anayemfukuza.

“Tuanze tu,” anasema Kasimiri.

Asubuhi Kasimiri ni dresa. Huosha vidonda na kugawa dawa katika zahanati moja ya hapa Temeke, kazi aliyoisomea kwa wamisionari kwao kusini, upande wa Masasi. Alasiri, akishavua kaptula ya kazi, anakuwa mwalimu wa sayansi. Hakuna aliyemtuma wala anayemlipa. Darubini aliinunua mnadani, daktari mmoja wa Kihindi alipokuwa akifunga shughuli zake, na ilimla mishahara ya miezi miwili.

Ukiuliza kwa nini mtu ajitie katika taabu hiyo, nenda mjini ukachungulie. Watoto wa Kizungu na wa Kihindi wana vyumba vya sayansi vyenye mabomba ya maji na makabati ya vioo. Watoto wetu wana jembe. Hupalilia bustani ya shule, na wakimaliza huambiwa wamejifunza. Kisha huenda kushindania nafasi chache za sekondari na watoto waliobahatika zaidi. Wakishindwa, wakubwa hutikisa vichwa na kusema Mwafrika hana kichwa cha sayansi. Upuuzi mtupu. Umnyime mtu kijiko halafu umcheke anapokula kwa mikono!

Kwa Kasimiri watoto waliona viluwiluwi wa mbu wakijinyonganyonga katika tone la maji ya mtungi. Waliona ngozi ya kitunguu imepangwa kama ukuta wa matofali. Aliyewashinda wote ni Tunu wa darasa la nane, msichana pekee katika kundi hilo. Kasimiri anaamini kwamba Tunu angefaulu mtihani wa Novemba na kwenda sekondari, jambo ambalo hakuna binti wa mtaa huu aliyelifanya.

Mwezi wa Juni alitaka kuwaonyesha damu. Akachoma sindano motoni, akawapangusa vidole kwa spiriti, akawatoboa mmoja mmoja na kupaka kila tone kwenye kipande cha kioo. Watoto walifurahi, wakabishana damu ya nani imekoza. Tunu akarudi nyumbani na pamba kidoleni. Mama yake, Bi Mwanakombo muuza vitumbua, akamuuliza nani kamtoboa.

Magharibi haijaingia, ua wa nyumba anayokaa Kasimiri ulikuwa umejaa watu. Neno lililokuwa likizunguka ni mumiani, yaani wale wanaosemwa kuwanyonya watu damu wakaiuze ya kutengenezea dawa. Kasimiri alitoka kuwaonyesha vioo vyake, kelele zikazidi, akajifungia ndani. Baba mwenye nyumba ndiye aliyesimama mlangoni na kuwasihi watu mpaka wakatawanyika.

Najua wasomi wa mjini wakisoma habari hii watacheka. Wasicheke kabla ya kusikia na upande wa pili.

Mwaka 1949 lilikuja lori hapa, na daktari wa Kizungu, na askari. Watoto walipangwa nje ya nyumba zao, wakatobolewa vidole, damu ikapakwa kwenye vioo, vioo vikatiwa makashani. Hakuna aliyeomba ruhusa wala aliyeeleza sababu. Mtoto wa kwanza wa Bi Mwanakombo, Mwinshehe, alikuwa na homa siku ile, naye alitobolewa kama wengine. Lori likaondoka na damu yake. Wiki haikuisha, wakamzika. Miaka sita imepita na majibu hayajaletwa.

Dresa aliyeshika sindano kwenye ua wa Bi Mwanakombo alikuwa kijana mgeni kutoka kusini, amevaa kofia ya kazi. Alikuwa Kasimiri. Mama huyu alikuwa akipishana naye njiani kila siku bila kumtambua, mpaka jioni ile alipomwona na vioo vyake mkononi.

“Mie sikumwita mumiani, hayo walisema wengine,” ananiambia Bi Mwanakombo, akipakua vitumbua vyake. “Mie nilimuuliza neno moja tu. Damu ya mwanangu ilisema nini?”

Kasimiri alikwenda mjini kulitafuta jibu, ofisi hadi ofisi, mpaka mkubwa mmoja akamwambia vioo vile vilipelekwa Ulaya zamani. Huyo mkubwa alikuwa amekwisha kusikia vurugu za Temeke. Alicheka, akamshauri dresa wake aache kuwachezea watu kwa mambo ambayo hawajayafikia. Waliochukua damu bila ruhusa ni wao, na bado wanatuona sisi ndio wajinga. Inaniuma hata kuyaandika haya.

“Nilifundishwa kutoboa, sikufundishwa kusema na watu,” anasema Kasimiri. “Nikafanya kosa lilelile mara mbili. Mara zote mbili mwenye mtoto sikumuuliza.”

Somo linaendelea wakati kivuli kinapoingia mlangoni. Ni Bi Mwanakombo, amejitanda kanga, amekuja peke yake. Watoto wanampa shikamoo. Kasimiri anasimama, mikono haijui pa kukaa.

“Karibu, Mama Tunu.”

Bi Mwanakombo anaelekeza kidevu kwenye darubini na kusema anataka kuona walichokuwa wakikitazama. Kasimiri anachoma sindano, anajitoboa kidole chake mwenyewe, anapaka damu kiooni na kusogea kando. Mama anainama. Anakosea jicho la kufumba, anajaribu tena, kisha anatulia.

“Hii ya nani?”

“Yangu.”

“Na ya Mwinshehe ilikuwa hivi?”

“Ilikuwa hivi. Nadhani na wadudu wa homa walikuwamo. Lakini sikuitazama, Mama Tunu. Sie tulifungasha tu.”

Bi Mwanakombo anainuka taratibu. “Ungeniambia hata hilo,” anasema. “Nilikaa nikiwangoja.”



Mama anatoa hukumu yake bila kupandisha sauti. Tunu harudi. Atakuja yeye mwenyewe, akishamaliza kuuza vitumbua, afundishwe tangu mwanzo. Akishaelewa sindano inatafuta nini katika damu ya mtu, ndipo atakapoamua juu ya binti yake. Anajitanda vizuri na kuondoka.

Novemba iko mlangoni, na nyumbani posa ya Tunu imekwisha kuletwa. Akiukosa mtihani huu, huenda asipate mwingine. Kasimiri anayajua yote hayo kuliko mimi. Namuuliza kwa nini asimfundishe mama huyo harakaharaka, hata kwa kurukaruka, ili binti awahi.

Anakipangusa kioo chenye damu yake na kukirudisha sandukuni.

“Siku ile ya lori tulikuwa na haraka,” anasema. “Huyu mama sitamharakisha, hata kama Tunu ataukosa mtihani. Mwakani nataka nimpate mzazi mmoja tu wa kunisemea mtaani, watoto wengine warudi.”