Télé Tatu za Fundi Élisée

Watu wa mutaa wa Katoyi wanasema fundi Élisée alipofushwa na moshi wa kuunganisha nyaya. Uongo mutupu. Moshi hauna kosa. Mimi ndiye niliyemuuzia télé tatu ndani ya mwaka mumoja, na kila moja ninajua aliichagua kwa nini. Nyamazeni niseme, na asiyetaka kusikia, mulango uko wazi.

Élisée alishuka kutoka Butembo akiwa kijana, na bisibisi mbili ndani ya koti. Alianza na redio, akaja kwa télé za mugongo mukubwa, kisha hizi nyembamba za sasa. Ukimuletea télé iliyokufa aliinamisha sikio kwanza, akaigongagonga, kisha akakuambia ugonjwa wake, na hakuwa anakosea. Ubaya wake ulikuwa kinywa. Ukweli kwake ulikuwa kama nyundo: alimupiga nao yeyote aliyesimama karibu, kisha akaenda kula bila kujua kama ameumiza mutu.

Mimi ninauza télé sokoni, kule Birere. Wananiita Mama Umwiza, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Siku moja nilikuwa na muteja mbele ya télé niliyoletewa kutoka Kampala, imeandikwa OLED. Élisée akapita, akaomba kuifungua. Nikamuruhusu, mwanamuke mujinga mimi. Akatoa kifuniko cha nyuma, akaonyesha watu mustari wa taa ndogondogo. Akawafundisha palepale: LED ni kioo chenye taa nyuma yake, OLED haina taa, kila nukta inajiwasha yenyewe, basi hii ni LED iliyovalishwa jina la wengine. Soko lote likacheka. Mimi pia nilikuwa nimedanganywa, lakini nani aliuliza? Tangu siku ile wakaniita Mama Étiquette, mama wa kubandika majina ya uongo, hata watoto wa shule, hata wanawake tunaoimba nao kanisani. Roho iliniuma miaka miwili mizima.

Halafu akaja mwenyewe dukani, amechangamuka, hajui hata kidogo kwamba aliniumiza. Akasema télé ya nyumbani kwake inakufa pembeni: picha iko katikati, kushoto na kuume ni giza. Amebadilisha taa za nyuma mara mbili na giza haliondoki. Yeye alikwisha kukata shauri kwamba taa za LED za siku hizi ni mbovu, zimepangwa kandokando na zinachoka kuanzia huko. Alitaka plasma, ile nzito ya zamani, kwa sababu ndani yake ni gesi inayowaka kioo kizima.

Wakati anaongea nilimunyooshea kikombe cha chai kutoka upande. Hakukiona. Nikakisogeza karibu na sikio lake. Hakukiona. Hapo nikajua. Baba yangu kule Rutshuru alianza hivyohivyo: alijigonga kwenye milango, akaangusha mitungi, akasema nyumba imekuwa ndogo. Ni presha ya macho. Haiumi. Inakula pembeni kwanza, katikati inapaacha kwa mwisho. Daktari alituambia kilichopotea hakirudi, lakini mutu akifika mapema, dawa ya matone inalinda kilichobaki. Baba tulimuchelewesha. Élisée alikuwa bado ana wakati.

Nilifungua kinywa nimwambie, ninaapa. Naye akagonga jina lililoandikwa kwenye plasma kwa kidole, akatabasamu, akauliza kama safari hii jina na kitu ni ndugu. Nikafunga kinywa. Nikamupakilia plasma yake kwenye tshukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, ikasukumwa hadi Katoyi.

Baada ya miezi miwili akairudisha. Giza lilikuwa limesogea. Alisema gesi imezeeka, nami nikamwitikia kwamba gesi kweli inazeeka. Akachagua LED nyingine, ya aina ambayo taa zake zimetawanywa mugongo muzima. Alinieleza vizuri sana jinsi taa za namna hiyo haziwezi kuacha giza kando. Nilimusikiliza kwa heshima yote, nikitazama alivyokuwa anageuza kichwa kutafuta mulango wa kutokea.

Kisha bibi yake, Masika, akaja peke yake. Alikuwa amekonda. Akanieleza kwamba bwana yake alitumbukia ndani ya mufereji muchana kweupe, na pikipiki ilimukwaruza bega bila yeye kuiona ikija. Kila akimwomba waende kwa daktari wa macho, Élisée anamucheka: kila siku anaunganisha kipande kidogo kuliko kiroboto, macho gani ya ugonjwa yanaweza kazi hiyo? Masika akaniomba nimwambie mimi. Katika mambo ya vioo ananisikiliza, akasema. Nimwambie tu kwamba si kioo.

"Mama, fundi ni yeye," nikamujibu. "Mimi ninauza tu."

Akanishukuru. Alinishukuru! Na mimi, nisiwafiche, nilifurahi.

Hiyo LED nayo ilipomushinda, OLED nilimutafutia mwenyewe, na safari hii ilikuwa ya kweli. Nikampelekea nyumbani siku ya Dimanche, watu wametoka kanisani, muchana, kuna mechi. Majirani walijaa sebule nzima. Akaifungua mbele yetu, akapapasa ndani, hakukuta taa hata moja, akaridhika. Akaifunga, akaiwasha, akakaa mbele yake. Ee Mungu, ile picha ilikuwa nzuri! Majani ya uwanja ungedhani unaweza kulisha ng'ombe. Élisée akageuza kichwa kushoto, akageuza kuume. Akauliza jirani yake kama anaona giza pembeni. Hapana. Akauliza wa pili, wa tatu. Wote walisema picha ni nzima. Akakasirika, akasema Masika amewapanga. Halafu akanigeukia mimi. Masika alikuwa amesimama nyuma yake, mikono ameikunja kifuani, ananitazama.

"Mama Umwiza, wewe unajua vioo. Unaliona lile giza?"

"Ninaliona," nikasema. "Kushoto na kuume."

Akapiga paja, akamuuliza bibi yake kama sasa amesikia. Basi hata OLED ni bure, atangojea aina nyingine itakayotengenezwa. Habari ya daktari isitajwe tena nyumbani mwake.

Haikutajwa. Kabla ya Noeli, katikati nako kukazimika. Ndipo Masika akamukokota hospitali, na daktari akauliza walikuwa wapi siku zote hizo. Hakukuwa tena na kitu cha kulinda.

Nilienda kumuona, na sukari na mukate, kwa sababu nisingeenda watu wangesema. Sebule ilikuwa na wageni. Alinitambua kwa sauti, akanyoosha mikono hewani mpaka nikampa wangu. Nilijikaza kungojea matusi. Kumbe alianza kuwaambia wageni kwamba nyumba nzima ilimwita mwongo, na mimi peke yangu ndiye niliyeona alichokuwa anaona. Akaniomba msamaha wa mambo ya Birere. Alikuwa ameambiwa jina nililobandikwa kwa sababu yake.

Kisha akanivuta karibu.

"Mama, kama na wewe ulikuwa unaliona lile giza, basi si kioo. Una ugonjwa wangu. Wahi leo. Usifanye ujinga niliofanya."

Akanitia mukononi chupa ya matone aliyopewa hospitali, akasema yeye haimusaidii kitu. Alikuwa analia kwa ajili yangu, mwanaume mukubwa vile, mbele ya watu. Nikasema nitaenda kesho. Akakataa, akamwita bibi yake anisindikize sasa hivi.

Masika alikuwa amekwisha kuvaa viatu. Alinishika mukono na hakuuachilia njia nzima, akinionya kila penye jiwe na kila penye mufereji. Daktari alinipima macho yote mawili, katikati na pembeni. Akaniambia nirudi nyumbani kwa amani, macho yangu ni mazima kabisa na hayajawahi kuugua.

Nikasimama niondoke. Masika akabaki amekaa. Akamwomba daktari ayaandike yale maneno kwenye karatasi, apige na muhuri, ili yeye Masika ampelekee bwana yake na kumusomea.