Makumbi Mabichi Kwenye Tope la Bandari

Siku yangu ya kwanza kwenye maabara ya udongo, Temeke, nilikaribishwa na ndoo ya tope. Lilikuwa limechotwa chini ya maji bandarini ili meli zipate kina. Jeusi, linanuka yai viza. Mkuu wa Maabara, mtu wa bara asiyecheka ovyo, akaniambia, "Binti, usilione takataka. Tunataka ligeuke barabara."

Makubwa! Tope lile libebe lori? Tulilichanganya na saruji kidogo na nyuzi za mimea, tukalishindilia kwenye kalibu, yaani chuma cha kulitia umbo. Likishakauka tulilikandamiza kwa mashine tuone litapasuka lini. Saruji peke yake hukatika ghafla. Nyuzi huuzuia ufa usiende mbali. Mie kazi ile niliipenda mno.

Ikafika miaka ya watu kupunguzwa kazini. Mkuu hakunificha: "Jaribio la nyuzi mpya ni lako. Likishindwa, sitakuwa na la kukutetea."

Nikachagua makumbi ya nazi, maana Mbagala yalikuwa yanatupwa tu. Nikayachambua mabichi, nikachanganya. Wiki nzima ikapita, vipande bado vinamomonyoka kwa kucha. Nikaongeza saruji, wapi! Nililia, sifichi.

Jirani yangu Bi Mwanaidi, msokota kamba, akanikuta uani na kipande mkononi. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza.

"Marahaba. Makumbi mabichi?" Akashika kiuno. "Na kusoma kote huko! Sie tunayafukia kwenye tope la pwani miezi na miezi, yatoke yale maji mekundu, ndo tunayapiga."

Kumbe maji yale ndiyo yaliyokuwa yanaizuia saruji isishike! Akanipa fungu la usumba wake, nyuzi zilizokwisha kufukiwa, kupigwa na kuoshwa. Safari hii mashine ikanguruma, ufa ukaja mwembamba, ukaishia njiani. Mkuu akavua miwani.

"Nani kakufundisha?"

"Nimejaribujaribu mwenyewe, mzee."

Ripoti ikatoka na jina langu peke yake, nami nikabaki kazini hadi kustaafu. Nilipopandishwa cheo ndipo nikapata moyo wa kumwambia Bi Mwanaidi kwamba sikumtaja. Wala hakununa.

"Ungenitaja mie, mwanangu, wangekusikiliza?"

Sijui, kwa sababu sikujaribu, na naona haya mpaka leo. Siku hizi vijana wa uhandisi wakija kuniuliza habari za mchanganyiko ule, namtanguliza Bi Mwanaidi kabla ya saruji. Wanaliandika jina lake vizuri kabisa. Mwenyewe keshakufa.