Paka Aliyepungukiwa na Kinga

Shangazi yangu hakujaaliwa mtoto, na nyumba yake ya Mji wa Kale ina vyumba vingi kuliko watu. Anakaa humo na paka dume mweupe, ambaye huzungumza naye kutwa nzima na kumgombeza kwa majibu ambayo hakuyatoa. Mwaka jana paka akaanza kutoka udenda, fizi zikavimba, samaki akawa anamtazama tu. Tukamtia kwenye kikapu cha sokoni tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari akampima damu, akatwambia kwa upole kwamba ana virusi vya paka, jamaa wa vile vya ukimwi, na kwamba kinga yake imepungua. Akae ndani, asipigane tena.

Mimi nasomesha baiolojia katika sekondari moja ya Tononoka, kwa hiyo kueleza kulikuwa kazi yangu. Nikachelewa. Shangazi alikuwa amelishika neno moja tu, kinga, na kinga anayoijua yeye hushonwa kwa ngozi. Nilipopita kesho yake nilimkuta paka amevishwa hirizi, amenuna.

Nilikasirika, sikatai. Nikamweleza kwamba kirusi hiki kina ujanja wake. Huingia ndani ya seli za damu, zilezile zinazoulinda mwili, kikanakili maandishi yake kinyumenyume na kuyapachika katikati ya maandishi ya seli yenyewe. Tangu hapo seli hutii amri za kirusi ikidhani ni zake, ikawa inazalisha virusi vingine. Walinzi wakipungua, hata kidonda cha fizi hakiponi. Shangazi akafikiri, akasema basi ni kama mgeni aliyekaribishwa kulala, akajiandikisha kwenye hati ya nyumba. Nikafurahi, maana wanafunzi wangu hawajawahi kufika hapo. Akaongeza kuwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikamwambia huyu hapokei jembe. Hirizi ikabaki palepale.

Sasa, mtaani kwetu paka mgonjwa ni paka tu, lakini paka mwenye hirizi ni kesi. Wengine walisema ni wa wanga. Waliosikia habari ya ukimwi walisema mambo mengine, na bibi mmoja akaniuliza kwa siri kama paka naye ana wake zaidi ya mmoja.

Hatimaye akaja jirani wa mlango wa pili, muuza vitambaa. Alisalimu kwa urefu, akaulizia afya ya kila mtu wa ukoo wetu, kisha akasema paka adungwe sindano, afe bila maumivu, kwa ajili ya watoto wa mtaa. Shangazi aliweka kikombe chini. Nikawahi kusema kwamba virusi hivi havimpati binadamu hata akirambwa. Paka huambukizana wenyewe, hasa kwa kuumana madume yakipigana.

Jirani akauliza ni paka gani basi aliyemuuma huyu.

"Wako," Shangazi akasema.

Mtaa mzima ulikuwa umewasikia wakipigana juu ya bati. Nikasema, kwa haki, kwamba hatuwezi kujua nani alimwambukiza nani. Jirani hakunisikiliza. Alituambia, polepole, kwamba paka wake hulala dukani juu ya vitambaa, na kwamba amekuwa akimpangusa udenda akidhani ni uzee. Machozi yakamlengalenga. Sikumpenda yule bwana tangu aingie, lakini hapo nilimhurumia.

"Mwalimu," akaniuliza, "yuwafa lini?"

Nikamwambia huenda akaishi miaka, akipimwa, akitunzwa na asitoke nje. Shangazi akammiminia kahawa, akamsogezea.

"Mfungie ndani," akamwambia. "Usiku atalia, wala usimfungulie. Utalia nawe, lakini usimfungulie."