Neema Alipoomba Ugali

Harufu ya mihogo iliyolowekwa, ile kali inayong'ang'ania puani, hunirudisha kijijini kwetu Heru Juu nitake nisitake. Mtanicheka, lakini mimi huiita harufu ya Neema, mdogo wangu.

Alishikwa na degedege uani, asubuhi, tukianika mihogo hiyo. Macho yalipinduka, mwili ukakakamaa. Kwetu mtoto wa degedege hakupelekwa kuchomwa sindano. Watu waliapa kwamba sindano ingemmaliza. Mama akamkimbiza kwa Mama Editha, mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye watafiti walikuwa wamempa dawa ya malaria kali inayowekwa kwenye njia ya haja kubwa. Sisi watoto tuliicheka sana dawa hiyo, tukiulizana ni nani aliyewahi kumeza kwa huko.

Mama Editha alimwekea, akasema, "Haya, mpelekeni hospitali Kasulu. Msikae."

Mvua ilikuwa imeharibu barabara. Tulisubiri bodaboda kando ya barabara mpaka alasiri, na tukiwa palepale jasho likaanza kumtoka Neema. Homa ikashuka. Akafumbua macho, akaniangalia. "Dada, nataka ugali."

Mama alicheka huku analia. "Imana ishimwe!" akamshukuru Mungu kwa Kiha. "Mwanangu kapona. Twende Kasulu kufanya nini, wamchome sindano bure?"

Tukageuka kurudi nyumbani. Nilimbeba mgongoni nikiimba, na sijui kama nimewahi kufurahi vile tena. Jioni alikula ugali wa muhogo kwa maharage, akamaliza sahani yake, akahamia kwenye yangu. Nilimwachia.

Keshokutwa yake homa ilirudi na hasira. Safari hii bodaboda ilipatikana upesi, lakini Neema alikata roho kabla Mama hajamfikisha Kasulu.

Sasa mimi ni muuguzi wa chumba cha dharura. Mwaka huu watafiti wengine walikuja kutueleza kwamba dawa ile humshikilia mtoto njiani tu. Asipofika hospitali akachomwa sindano na kumaliza matibabu, malaria huibuka upya. Walisema wazazi wengi huishia njiani wakishaona nafuu. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje nikalia, maana yote hayo nilikuwa nayajua, na hayakunisaidia kitu. Bado tunapokea watoto waliochelewa, na kila mmoja ananiumiza upya.

Mama amezeeka. Nikimpikia ugali wa muhogo, husema jambo lilelile linalomfariji: angalau siku ile mtoto alikula akashiba. Ninaitikia, ninamwongezea maharage. Sitamwambia kamwe kwamba tulimpoteza Neema pale tulipogeuka kwenda kumpikia.