Mahindi Juu ya Bomba la Moshi

Chwa. Halafu kimya. Halafu chwa, chwa, kama mtu anayetafuna muwa mkavu ndani ya ukuta. Hata leo, nikiwa nimekaa mahali pazuri na kikombe changu cha chai, sauti hiyo ikinijia naweka kikombe chini.

Yalikuwa masizi. Baba alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni nje kidogo ya Kericho, miaka ile mashamba ya chai yalipokuwa bado machanga na misitu ikiendelea kung'olewa. Jiko lenyewe lilikuwa la chuma, kubwa kama ng'ombe aliyelala, na mgongoni mwake lilitoka bomba la moshi lililopanda ukutani, likapenya dari ya mbao na kutokea juu ya mabati. Moshi wa nyama ya kukaangwa una mafuta. Mafuta yale yalinata ndani ya bomba, masizi yakanata juu ya mafuta, yakakauka kama kigaga cha kidonda. Kigaga kikibanduka na kuanguka ndani, ndiyo hiyo chwa.

Zamani hatukuwa tukiisikia. Kila Jumatatu moto ulizimwa, Baba akapanda juu ya paa na kamba aliyofungia jiwe na rundo la matawi ya miiba. Aliliteremsha rundo ndani ya bomba, mimi nikiwa chini nashika ncha ya kamba. Yeye akivuta juu, mimi navuta chini, kama watoto wanaogombania ngozi. Nikitoka hapo meno tu ndiyo meupe, na Baba ananiita bibi arusi.

Kisha ukaja msimu wa mvua zisizokoma, malori yakazama kwenye tope, na nyumba ikajaa wageni. Wazungu wale walioloa walitaka maji ya moto asubuhi, mchana na jioni. Memsabu mwenye nyumba akasema moto usizimwe.

"Na Jumatatu, Memsabu?" Baba aliuliza. "Bomba inataka kufagiwa."

"Wiki kesho."

Basi ile wiki kesho ikawa inakuja na kupita, inakuja na kupita, na bomba likazidi kutafuna.

Mimi nilikuwa mwoshaji wa vyombo. Shule nilisoma kidogo, misheni kule kwetu ziwani, mpaka Mama alipofariki na Baba akanichukua tukaja huku juu kwenye baridi. Sikuwa na ndugu, na Baba hakuoa tena. Tulikuwa wawili tu. Nikiosha sahani nilikuwa nikiota ndoto mchana kweupe: siku moja nitakuwa na hoteli yangu, labda kule Merigi, yenye mapazia meupe na vikombe vyenye mikono, na Baba ataketi karibu na dirisha bila kupika chochote, kazi yake kulalamika kwamba chai ni nyepesi. Kichwa changu kilijaa mapazia. Lakini tangu sauti ile ianze, kila nikiyatundika mapazia yangu, yanashika moto. Nageuka kumtazama Baba, naye amesimama pale pale chini ya bomba, anapiga mluzi.

"Baba, unasikia?"

"Panya hao."

"Panya gani anakaa ndani ya moto?"

"Panya wa Kericho ni wagumu. Osha sufuria, nyara." Hivyo ndivyo alivyoniita kwa lugha yetu, maana yake binti yangu, na akisema nyara maneno yamekwisha.

Nikawa na tabia ya kugusa ukuta. Nikipita na ndoo naugusa, nikipita na kuni naugusa. Siku nyingine ulikuwa vuguvugu, siku nyingine ulinifukuza mkono.

Na juu ya dari kulikuwa na jambo lingine. Kulikuwa na mama mmoja mzee, Mkipsigis, aliyetuletea maziwa. Nilimwita Kogo, jinsi watoto wa huko wanavyomwita nyanya. Nilipougua homa mwaka wetu wa kwanza, yeye ndiye aliyeninywesha dawa za mizizi huku Baba akilia nje kama mtoto. Mwaka ule wa mvua nyumba yake ilikuwa imebomolewa, kwa sababu mahali iliposimama palitakiwa kupandwa chai, na ile mpya ilikuwa fito tupu bila udongo. Akaja na mahindi yake yamefungwa mafungu mafungu kwa maganda.

"Hii ni ya kupanda, si ya kula," alimwambia Baba. "Kwangu mvua inaingia. Iko moshi kwako. Nifichie."

Nani angekataa? Kwetu ziwani na kwao milimani ni mamoja: mbegu hukaa juu ya meko. Moshi unapanda, unapita katikati ya nafaka, fukusi wanakimbia, mbegu inakauka na kukaa salama hadi msimu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona nyumba imeungua kwa ajili hiyo. Baba akapanda ngazi, akafungua mlango mdogo wa dari, akayapanga mahindi yote kulizunguka bomba, yakiliegemea, ili yapate joto vizuri. Tulifurahi sana. Kogo akapanda ngazi nusu, akachungulia na kusema yamelala kama watoto. Hatukufikiri kwamba moshi wa meko ukifika darini umekwisha kupoa, na bomba la chuma halipoi.

Ikawa Jumapili mchana. Wageni walikuwa wametoka kusali, wamekaa mezani wakisubiri paja la kondoo. Memsabu alikuwa jikoni anaonja mchuzi. Baba akavuta sinia kutoka tanurini, sinia likayumba, mafuta yakamwagika kwenye makaa.

Moto ulisimama. Sikuuona ukiwaka kwa upana, niliuona ukinyonywa juu, wote, kama uji unavyonyonywa na mtu mwenye njaa. Halafu bomba likaunguruma. Lilinguruma kama lori linalopanda mlima na mzigo, na halikufika kileleni. Shingo ya bomba ikawa nyekundu. Wekundu ukaanza kupanda ukutani, polepole, unaelekea dari. Kwenye nyufa za mbao moshi ukaanza kushuka, moshi mweupe wenye harufu ya mahindi ya kuchoma. Mate yalinijaa mdomoni, na mpaka leo naona aibu kwa hayo mate.

Baba akatazama juu. "Mahindi ya watu!"

Akachukua ngazi.

"Baba, acha! Acha yaungue!"

"Ni mbegu!" Akanitoa mikono yangu shatini mwake kama anayeondoa jani, akapanda, akaingia darini, na nyayo za miguu yake zikatoweka.

"Funga mlango!" Memsabu alikuwa akipiga kelele. "Mlango ya stovu! Funga yote!"

Nilikimbilia ndoo ya maji. Akanipiga mkono, ndoo ikaanguka.

"Maji hapana! Chumvi! Leta chumvi!"

Nilidhani amerukwa na akili, anataka kuunga mchuzi. Sikujua bado kwamba maji huurusha moto wa mafuta, na chumvi huufunika. Nilipoleta kopo kubwa la chumvi alinipokonya, akalimwaga lote juu ya makaa, akapiga mlango wa jiko kwa teke na kufunga vitundu vyote vya hewa kwa aproni yake iliyokunjwa. Nywele zake zilikuwa zimeanguka usoni. Aliogopa kama mimi. Nilipoona hivyo, nikazidi kuogopa.

Juu ya kichwa changu miguu ya Baba ilitembea. Kwa, kwa, kwa. Fungu la mahindi likaanguka kupitia mlango wa dari, maganda yake yanawaka. Mtu wa bustani aliyekuwa ameingia akalikokota nje kwa jembe. Likaja la pili. Likaja lingine. Baba alikuwa anakohoa. Nilihesabu kikohozi chake kama unavyosikiliza mtoto mgonjwa: akikohoa, yupo.

Kisha hakukohoa. Miguu ikasimama.

"Baba?"

Bomba ndilo lililonijibu.

Kulikuwa na gunia tupu la viazi kwenye kona. Nikalitumbukiza kwenye pipa la kuoshea vyombo, nikajifunika nalo kichwa, nikapanda. Memsabu alinishika sketi, ikachanika, nikamwachia kipande. Ndani ya dari hakukuwa na kitu ila moshi, na katikati ya moshi duara jekundu, na karibu na duara mtu amepiga magoti, amekumbatia fungu la mahindi. Alikuwa anazima maganda kwa viganja vyake.

Nilimshika kifundo cha mguu, nikavuta.

"Bado moja," alisema kwa sauti isiyo yake.

"Baba, toka!"

"Bado moja tu, nyara."

"Nina nani mwingine mimi?" nilipiga kelele. "Niambie! Nina nani?"

Akaliachia fungu. Nilihisi mguu ukilegea, ukaanza kunifuata kinyumenyume. Tulishuka ngazi tukiwa rundo moja, yeye, mimi na gunia, tukafika chini vibaya. Mtu wa bustani akapanda na ndoo, akamwagia mbao zilizokuwa zinafukuta. Bomba lilikosa hewa, likanguruma, likakoroma, likanyamaza. Wekundu wake ukarudi kuwa weusi. Mezani mgeni mmoja alikuwa bado anagonga kijiko akiulizia nyama.

Viganja vya Baba vilikuwa vimeiva. Memsabu alivipaka mafuta na kuvifunga vitambaa mwenyewe. Halafu akasema, "Jumatatu moto nazima. Hata Gavana akija, nazima. Na juu ya dari hakuna kitu. Hata unyoya."

"Ndiyo, Memsabu."

"Na mimi pia nilikuwa mjinga," alisema upesi, akatoka.

Kogo alifika kabla jua halijatua, habari zilikuwa zimemtangulia. Mahindi yake yalikuwa yamemwagwa nje kwenye majani, mengi meusi, machache ya njano. Baba alianza kuomba radhi, kwamba mbegu yote ya msimu imepotea mkononi mwake. Kogo aliyapita mahindi bila kuyatazama. Akakaa chini mbele ya Baba, akavichukua vile viganja vyenye vitambaa, akaviweka magotini mwake, akavitemea mate kidogo kidogo, hivi na hivi, jinsi wazee wao wanavyobariki.

"Wewe mpishi iko kichwa kama jiwe," alimwambia. "Mbegu nitaomba dada yangu kule Sigor. Wewe nitakuomba kwa nani?"

Baba akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakawia. Mimi nilisimama mlangoni nikisikiliza mpaka kikaisha.

Usiku nilimlisha ugali tonge kwa tonge, akilalamika kwamba natia mchicha mwingi. Asubuhi yake hakuamka mapema kama kawaida. Nilisogea karibu na kitanda nikatazama blanketi lake likipanda na kushuka. Nikachukua debe tupu la mafuta ya taa, nikateremka kwenye kijito chini ya mashamba, nikaingia maji ya magotini, yalikuwa ya baridi kama visu. Nikachota mchanga wa chini, wa kumwagia moto kama ile chumvi, kwa mikono mpaka debe likajaa. Nilipumzika mara nyingi njiani. Nikalifikisha jikoni kabla mtu yeyote hajaingia, nikaliweka karibu na jiko, nikaona liko mbali na mkono wa mtu anayepika, nikalisogeza.